Mpunga wa Chupani na Ukaidi Wake

Katika wiki hizi za kuandaa vitalu nimeulizwa swali moja na watu wengi, kila mtu kwa maneno yake. Swali lenyewe ni hili: ikiwa wataalamu wanaweza kupima tone la damu wakajua ugonjwa, kwa nini hawatupatii Supa mfupi usiolala na upepo, usioshikwa na kimyanga, na unaonukia vile vile tulivyouzoea? Wengine wanauliza kwa upole, wengine kwa hasira, na wapo walioongeza kwamba wataalamu wetu wamelala.

Hawakulala. Lakini sehemu kubwa ya jibu haiko Mwamkulu wala Kakese. Iko ndani ya chupa ya kioo isiyozidi kiganja cha mkono, katika chumba chenye taa nyeupe, ambamo kidonge cha rangi ya maziwa yaliyoganda, ukubwa wa punje ya mtama, kimekaa juu ya kitu kama jeli na kinakataa kutoa jani. Leo nitaeleza kidonge hicho ni nini, na kwa nini kukataa kwake kunagusa gunia la mtu wa Mpanda.

Tuanze na gunia. Hapa Majengo mtu akienda kununua mchele, kabla ya kuuliza bei hushika konzi moja akainusa. Mchele usionukia utauzwa, lakini kwa maneno mengi na bei ndogo. Ndiyo maana mkulima wa majaruba ya Kakese, au wa bonde la Mpimbwe huko Usevya na Majimoto, anaendelea kupanda Supa na jamaa zake ingawa anajua kasoro zake zote: ni mrefu, unachelewa, ukipata mbolea kidogo na mvua ya upepo unalala chini, na mavuno yake kwa ekari ni madogo. Mwaka 2002 chuo cha utafiti cha KATRIN cha Ifakara, ambacho leo ni TARI Ifakara, kilitoa mbegu iitwayo TXD 306, ambayo wengi tunaijua kwa jina la SARO 5. Ni mfupi, unabeba mbolea, na mavuno yake yameinua nyumba nyingi za bati nchini. Lakini jina lake lenyewe linasema ukweli: SARO ni ufupisho wa maneno ya Kiingereza yenye maana ya mpunga unaonukia nusu. Nusu hiyo iliyobaki ndiyo mnunuzi anayoitafuta anapoinusa ile konzi.

Halafu kuna kimyanga. Mkulima huanza kuona madoa ya njano kwenye majani machanga, shina linadumaa, na masuke yakitoka yanakuwa makapi. Ugonjwa huu ni wa virusi na ni wa Afrika peke yake. Ulitambuliwa kwa mara ya kwanza mwaka 1966 nchini Kenya, karibu na Kisumu, kisha ukaonekana katika nchi nyingi zinazolima mpunga barani, hadi Madagaska. Haurithiwi kwa mbegu. Unabebwa na wadudu wadogo wenye mabawa magumu wanaokula majani, na unabebwa pia na mikono yetu, mundu wetu, na midomo na kwato za ng'ombe tunaowaachia kwenye mabua baada ya mavuno. Dawa ya kupulizia ikaua virusi vyenyewe hakuna. Kinga ya kutegemea ni mpunga wenye asili ya kuukataa, na mpunga wa namna hiyo upo. Mmoja unaitwa Gigante, asili yake Msumbiji. Wanasayansi wamekwisha ijua hata jeni inayoupa Gigante kinga hiyo.

Sasa msikilizaji atasema: basi, si mchanganye Gigante na Supa? Ndiyo, na hapo ndipo hesabu inapoanza.

Harufu ya mchele na kinga ile ya Gigante zina tabia moja. Zote mbili ni tabia zinazojificha. Katika ukoo wa watu mmewahi kuona mtoto akizaliwa na sura ya babu ambayo baba hakuwa nayo. Ilikuwamo ndani ya baba, imejificha, ikisubiri kukutana na mwenzake kutoka upande wa mama. Harufu ya mpunga ni hivyo hivyo: ili mmea unukie, lazima uwe umeipokea jeni ya harufu kutoka pande zote mbili. Kinga ya Gigante kadhalika. Kwa hiyo ukichanganya Supa na Gigante, watoto wote wa kwanza hawanukii wala hawana kinga. Mtu asiyejua angewang'oa akasema kazi imeharibika. Lazima uwaache wajichavushe wenyewe, na katika wajukuu ndipo zile tabia zinapojitokeza tena. Na zinajitokeza kwa uchache: katika kila wajukuu 160, wenye harufu na kinga kwa pamoja ni kama kumi tu. Na hao kumi bado hawajatulia. Urefu wao, siku zao za kukomaa na umbo la punje yao bado vimechanganyika, ukipanda mbegu zao unapata kila mmoja na lake. Kuwatuliza kunahitaji kuchagua na kupanda tena kwa vizazi sita au saba. Kwa mahali kama kwetu, ambako mpunga mwingi unangoja mvua, kizazi kimoja ni mwaka mmoja.

Hapa ndipo maabara inapoingia, na inaingia kwa njia ya ajabu kidogo.

Kila chembe hai ya mpunga ina kromosomu 24, kumi na mbili za baba na kumi na mbili za mama. Lakini chembe ya chavua, lile vumbi laini linalotoka kwenye ua, ina 12 peke yake. Ni nusu ya mpunga. Mwaka 1968 Wajapani wawili, Niizeki na Oono, walionyesha kwamba vifuko vya chavua vya mpunga vikichukuliwa vichanga kabla ua halijafunguka, vikawekwa kwenye chakula cha chupani, chavua inaweza kuacha kazi yake ya kawaida ikageuka kidonge, na kidonge kikatoa mmea. Mmea huo wa nusu ni dhaifu na hauzai. Lakini mara nyingi, ndani ya chupa yenyewe, zile kromosomu 12 hujirudufu zenyewe zikawa 24, na zisipojirudufu kuna dawa ya kuzisaidia iitwayo kolchisini. Matokeo yake ni mmea ambao kila jeni yake iko mara mbili, sawa kwa sawa. Hakuna kilichojificha tena. Kinachonukia kinanukia, kisicho na kinga kinajulikana siku hiyo hiyo, na mbegu zake zote zitafanana na mama yao daima.

Turudie hesabu yetu. Kwa njia ya shambani, katika mimea 160 tulipata kumi, nao hawajatulia. Kwa njia ya chavua, katika mimea 160 iliyotoka chupani tunatarajia 40 yenye harufu na kinga kwa pamoja, na yote 40 imekwisha tulia. Miaka sita inakuwa msimu mmoja. Sijui njia nyingine katika kilimo cha mpunga inayookoa muda mwingi namna hiyo bila kugusa jeni yenyewe.

Tatizo ni kuipata hiyo mimea 160. Katika vifuko mia vya chavua vinavyowekwa chupani, vinavyotoa vidonge aghalabu ni vichache, na katika vidonge hivyo vinavyotoa mche wa kijani ni vichache zaidi. Jambo la kukatisha tamaa kuliko yote ni kwamba miche mingi inatoka myeupe kama karatasi. Inaishi vizuri chupani kwa sababu inalishwa sukari. Ukiipeleka kwenye udongo, ambako kila mmea hujipikia chakula chake kwa mwanga wa jua, inakufa kwa njaa. Mtaalamu aliyefanya kazi miezi minne anabaki na trei ya miche mizuri, mirefu, isiyo na faida yoyote.

Kwa sababu hiyo, kabla ya kugusa chavua, maabara nyingi hujifunza kwanza kwa punje ya kawaida. Punje ipo mwaka mzima na haina masharti. Inakobolewa kwa uangalifu ili kiini kisivunjike, inaoshwa kwa spiriti kwa dakika moja, halafu inaloweshwa katika dawa ile ile inayong'arisha nguo nyeupe, na kusuuzwa mara kadhaa kwa maji yaliyochemshwa kwa mvuke wa presha. Usafi huu si mapambo. Chakula cha chupani kina sukari gramu 30 kwa lita, kina madini na vitamini, na fangasi mmoja akiingia anaifanya chupa nzima kuwa na manyoya kwa siku tatu. Kinachoshikilia chakula hicho kiwe kigumu ni agari, ambayo hutokana na mwani, ingawa si aina ile inayolimwa na akina mama wa Unguja na Pemba, kwani ule wao hutoa kitu kingine kiitwacho karajini.

Ndani ya chakula hicho kuna kitu cha ajabu. Nilipomweleza mama mmoja jirani yangu, ambaye ana majaruba yake Kakese, alinikatiza.

"Mwanangu, hiyo 2,4-D unayoisema si ndiyo ile tunayopulizia magugu?"

"Ndiyo, mama, ni hiyo hiyo."

"Sasa wanaiua mbegu au wanaiotesha?"

Swali lake ni zuri kuliko mengi niliyoyasikia katika semina. Dawa ya 2,4-D inaiga homoni iitwayo oksini, ambayo mimea hujitengenezea yenyewe kwa ajili ya kukua. Gugu lenye jani pana likipuliziwa kipimo cha shambani hukua ovyo ovyo, likajinyonga kwa kukua kwake mwenyewe. Mpunga, kwa kuwa ni jamii ya nyasi, unaistahimili. Sasa maabara inachukua miligramu mbili tu kwa lita nzima ya chakula. Kwa kipimo hicho, chembe za kile kijisahani kinachokishikilia kiini cha punje hazifi, bali zinasahau zilikuwa nani. Zinaacha kuwa sehemu ya mbegu, zinagawanyika tu, na baada ya wiki tatu au nne zimekuwa kidonge kisicho na mzizi wala jani. Wataalamu hukiita kalasi. Kalasi nzuri ni kavu, ngumu kidogo, ina vipunjepunje vya rangi ya maziwa au njano hafifu. Kalasi mbaya ni laini, ina ute, inaelekea kahawia, na hiyo ni afadhali kuitupa mapema.

Wazo hili ni la kale kuliko mashine zake. Mwaka 1902 Haberlandt, mtaalamu wa mimea wa Austria, alisema kwamba kila chembe ya mmea ina uwezo wa kuwa mmea mzima, ingawa yeye mwenyewe alijaribu na hakufanikiwa. Mwaka 1941 ikagundulika kwamba maji ya nazi yanakuza viinitete vichanga chupani, na baadaye ikajulikana kuwa maji hayo yana homoni za kundi la saitokinini. Mwaka 1957 Skoog na Miller, wakifanya kazi na tumbaku huko Marekani, wakaonyesha siri yenyewe: oksini ikizidi, mizizi inatoka, saitokinini ikizidi, majani yanatoka, zikikaribiana, kidonge kinabaki kidonge. Kwa hiyo kalasi ya mpunga iliyolelewa kwa 2,4-D huhamishwa kwenye chupa nyingine ambamo 2,4-D imeondolewa na saitokinini imeongezwa, ikapewa mwanga wa saa 16 kwa siku. Mambo yakienda vizuri, baada ya wiki moja au mbili madoa ya kijani yanaonekana, halafu jani, halafu mzizi. Mambo yasipoenda vizuri, kidonge kinakaa pale pale, kinageuka kahawia, kinakufa.

Na mara nyingi hayaendi vizuri. Maelekezo yaliyomo vitabuni yaliandikwa na watu wenye mpunga wao. Chakula kiitwacho N6 kilitengenezwa na Wachina mwaka 1975. Kile kingine maarufu, cha Murashige na Skoog cha mwaka 1962, kilitengenezwa kwa ajili ya tumbaku. Mpunga uliotumika zaidi kujaribia mambo haya ni Nipponbare ya Japani, ambayo ni mtiifu sana chupani. Ukichukua maelekezo ya Nipponbare ukayatumia kwa mpunga wa kundi la indika, ambalo ndilo kubwa katika nchi za joto, mara nyingi unapata vidonge vingi na majani machache. Hata ndani ya kundi moja, kila aina ina tabia yake. Aina hii inataka 2,4-D kidogo zaidi, ile inataka ihamishwe mapema.

Msidhani ukaidi huu ni wa mpunga wa nchi maskini. Mpunga unaopendwa kuliko yote nchini Japani ni Koshihikari, uliotolewa mwaka 1956. Wajapani wanausifu kwa ladha kama sisi tunavyousifu Supa. Nao chupani ni mkaidi kweli kweli. Lakini Wajapani hawakuuacha. Waliuchanganya na mpunga wa India uitwao Kasalath, ambao chupani unaota bila shida, wakafuata ukoo wa watoto hao hadi wakaikamata jeni yenyewe, na mwaka 2005 wakatangaza walichokiona. Sababu ilikuwa chakula. Mkulima anayetumia mbolea ya CAN anajua kwamba mmea unakula nitrojeni, na sehemu ya nitrojeni hiyo iko katika hali ya naitreti. Ndani ya chembe, naitreti hugeuzwa kuwa naitriti, na naitriti ni sumu. Kuna kimeng'enya kinachoiondoa haraka kwa kuigeuza amonia, na katika Koshihikari kimeng'enya hicho ni dhaifu. Kalasi ilikuwa inajilisha sumu katikati ya chakula kizuri. Ilipopewa jeni ya Kasalath ikaanza kutoa miche.

Napenda kisa hiki kwa sababu kinaonyesha kwamba ukaidi wa mpunga una chanzo, na chanzo kinatafutika. Tena si kila marekebisho yanadai fedha nyingi. Mwaka 1992 watafiti wa Japani walieleza kwamba kalasi ikikaushwa kidogo kabla ya kuhamishwa, inatoa miche mingi zaidi. Unaweka vidonge kwenye karatasi ya kuchujia ndani ya kisahani kilichofunikwa, unaviacha siku moja au mbili vipungue maji, basi. Wengine hufikia lengo hilo hilo kwa kuongeza agari ili chakula kiwe kigumu na kidonge kisinywe maji kupita kiasi. Wapo wanaoongeza asidi amino iitwayo prolini, wapo wanaozidisha kidogo madini ya shaba, wapo wanaobadili sukari ya kawaida wakatumia maltosi, hasa kwa chavua. Masuke ya kutolea chavua hukaa kwanza kwenye baridi ya nyuzi kama kumi kwa wiki moja au zaidi, na chavua ikitoka huko inakubali kubadili njia. Ukisikia mtaalamu anasema anaboresha uoteshaji wa mpunga maabara, kazi yake ni hiyo: safu za visahani, kila safu imebadilishwa kitu kimoja, na daftari la kuhesabu vilivyoota. Ni kazi ya uvumilivu kama kuchambua mchele wenye mawe.

Kama kuna anayedhani haya ni mambo ya wenzetu wa mbali, namkumbusha NERICA. Afrika ina mpunga wake wa asili, uliofugwa huko bonde la Niger miaka ipatayo 3,000 iliyopita. Unavumilia shida za Afrika lakini mavuno yake ni madogo na punje zinapukutika. Mpunga wa Asia unazaa sana lakini ni mpole. Ukiwachanganya, watoto karibu wote ni tasa, na viinitete vingi hufa kabla punje haijakomaa. Mwaka 1991 Dakta Monty Jones, mzaliwa wa Sierra Leone, na wenzake katika kituo cha WARDA karibu na Bouaké, Cote d'Ivoire, walianza kuviokoa viinitete hivyo. Walivitoa kwenye punje changa kabla havijafa, wakavilea chupani. Wataalamu wa China waliwasaidia kwa ushauri, na katika chakula cha chupani kikaingia kitu kilichotokana na nazi. Kisha wakatumia chavua, kwa njia ile ile niliyoieleza, kuwatuliza watoto waliopatikana. Mwaka 2000 mbegu za kwanza zilipewa jina la NERICA, na mwaka 2004 Dakta Jones alipata Tuzo ya Chakula ya Dunia pamoja na Yuan Longping wa China. Majirani zetu wa Uganda wamelima NERICA 4 kwa wingi katika mashamba ya nchi kavu.

Msikilizaji mmoja alinitumia ujumbe akisema mpunga wa chupani ni GMO na serikali imekwisha ukataa. Hapana, ndugu yangu. Mwezi Novemba 2018 Wizara ya Kilimo iliamuru majaribio ya mahindi ya GMO huko Makutupora, Dodoma, yasimamishwe. Yale yalikuwa mahindi yaliyopandikizwa jeni kutoka kwa kiumbe kingine. Kuotesha chavua au kiinitete chupani hakuongezi jeni yoyote kutoka nje ya ukoo wa mpunga. Migomba mingi iliyosambazwa Kagera na Kilimanjaro kwa njia ya tishu ilizaliwa chupani, na hakuna aliyeiita GMO. Ni kweli kwamba wanaopandikiza jeni nao huhitaji kalasi inayoota, kwa hiyo vyombo vinafanana. Jembe hutumika kupanda mihogo na hutumika kuchimba kaburi, lakini hatuvichanganyi vitu hivyo viwili. Kuna kitu kimoja cha kweli cha kuangalia: mmea uliokaa muda mrefu katika hali ya kalasi unaweza kutoka na mabadiliko ambayo hayakutarajiwa, punje fupi mathalani, au ua lisilozaa. Ndiyo sababu ya kuharakisha hatua hiyo, na ndiyo sababu kila mche lazima uonekane shambani kabla ya kuaminiwa.

Sasa niseme maoni yangu. Nchi hii ina watu na vyumba vya kazi hii. Kituo cha TARI Mikocheni, Dar es Salaam, na Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, wamekuwa na maabara za tishu kwa miaka mingi, na TARI Dakawa ndicho kituo kikuu cha utafiti wa mpunga. Zanzibar nako, watafiti wa Kizimbani walipita njia nyingine: waliipiga mionzi mbegu ya Supa, wakachagua, na mwaka 2011 wakatoa Supa BC. Lakini sifa ya maabara za tishu imejengwa juu ya migomba, mihogo na mkonge, mimea ambayo mkulima haipandi kwa mbegu. Mpunga, kwa kuwa una mbegu yake, umeonekana kama hauhitaji chupa. Naona hapo hesabu imekosewa. Migomba inaingia chupani ili iongezeke na itoke safi. Mpunga unaingia chupani ili uokoe miaka, na miaka ndiyo tusiyo nayo, kwa kuwa mvua za siku hizi hazimsubiri mtu amalize vizazi saba.

Na hakuna mtu wa nje atakayetufanyia. Mjapani alihangaika na Koshihikari kwa sababu watu wake wanaila. Mkenya ana Pishori yake ya Mwea ya kuhangaikia. Supa, pamoja na mipunga yetu ya kienyeji ambayo kila bonde lina jina lake, itapata maelekezo yake ya chupani siku ambayo Mtanzania atakaa na safu za visahani, akaandika kwenye daftari ni kipimo gani cha 2,4-D, siku ngapi za kukausha, na baridi ya siku ngapi kwa chavua. Maelekezo hayo yakiisha patikana yanaenea ukurasa mmoja. Kinachotakiwa ni umeme usiokatika, kwa maana chumba cha chupa kikipata joto usiku mmoja kazi ya miezi inaharibika, na sisi wa Mpanda tulioishi miaka mingi kwa majenereta tunaelewa hilo bila kuelezwa. Kinachotakiwa pia ni kijana wa maabara mwenye ajira ya kudumu, asiyeondoka mradi unapokwisha na ujuzi wake mkononi.

Yule mama wa Kakese aliniuliza pia, "Lini sasa?" Nilimhesabia. Msimu wa kwanza ni wa kuchanganya. Msimu wa pili watoto wanapandwa, na masuke yanachukuliwa yakiwa bado ndani ya jani. Miezi mitatu au minne chupani, halafu miche inatolewa, inaoshwa jeli kwenye mizizi, inafunikwa kwa nailoni wiki moja au mbili ili izoee hewa kavu, kisha udongo. Miezi minne mingine hadi mbegu. Kutoka hapo hakuna njia ya mkato: inapandwa vituo mbalimbali, wanapimwa kimyanga, watu wanapewa wali waonje, na TOSCI wanaikagua kabla haijaruhusiwa. Akaniuliza hao waonjaji watatoka wapi. Nikamwambia kwa kawaida hutafutwa karibu na kituo cha utafiti, Morogoro huko. Akasema basi wakifika hatua hiyo debe moja liletwe Mpanda, walipike wao wenyewe kwa kuni, halafu ndipo waambiwe kama unanukia.